Umemnyang'anya Simu, Je, Mmezungumza?

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, ugomvi wa simu huanza katika nyumba nyingi za Nairobi. Kijana ambaye amekaa miezi mitatu katika shule ya bweni bila kugusa simu sasa haiweki chini hata wakati wa chakula. Hulala saa tisa za usiku na kuamka adhuhuri, na ukimwita haitiki. Baba akishapandwa na hasira, humpokonya simu na kuifungia kabatini, akidhani kazi imekwisha.

Lakini kama kunyang'anywa tu ni dawa, mbona bweni halikumponya?

Korea Kusini ilijaribu njia hiyo kwa nchi nzima. Mnamo Novemba 2011 ilianza kutekeleza sheria ya kuwazuia watoto wa chini ya miaka 16 kucheza michezo ya intaneti kutoka saa sita za usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Watoto walifanyaje? Baadhi yao waliingia kwa nambari za vitambulisho vya wazazi wao! Sheria hiyo ilikoma Januari 2022, na sasa mzazi au mtoto mwenyewe ndiye huomba mchezo ufungwe saa fulani. Serikali iliwarudishia wazazi mazungumzo yao.

Uraibu wenyewe si porojo. Mnamo Mei 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha orodha mpya ya magonjwa, na uraibu wa michezo ya kielektroniki umo. Mgonjwa hushindwa kujizuia, huutanguliza mchezo mbele ya mengine yote, na huendelea ingawa anaona unamdhuru, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Kwa hivyo mtoto anayekesha majuma mawili ya likizo usikimbilie kumwita mraibu.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tulilelewa kwa amri, wala hatukufunzwa kuzungumza na mtoto. Mzazi, keti kando yake umwombe akuonyeshe huo mchezo. Anacheza na nani? Anakimbia nini? Wengine hukimbia matokeo mabaya ya mtihani, wengine upweke, wengine kelele za baba na mama. Utagundua pia kwamba michezo mingi ya timu haisimamishwi katikati. Ukifoka "Zima sasa hivi!" unamfanya awaangushe wenzake, na hapo ndipo mlango hubamizwa. Afadhali mpatane kabla raundi haijaanza.

Usiku simu zote zichajiwe sebuleni, ya baba ikiwemo. (Akina baba, nasikia mnaguna.)

Iwapo kijana hali, amekuwa mkali kupita kiasi au anasema afadhali afe, usingoje likizo iishe. Mpeleke hospitalini akaonwe na daktari au mshauri nasaha. Hospitali ya Mathari hutibu maradhi ya akili. Mtoto mwenyewe pia anaweza kupiga 116, laini ya Childline Kenya, bila malipo.