Boda ya Umeme Itaifaa Pujini, Betri Ikipata Mwenyewe

Petroli inayompeleka mtu wa Pujini, kisiwani Pemba, mjini Chake Chake imevuka bahari. Kila mwezi madereva wa bodaboda husubiri bei mpya za mafuta za ZURA, mamlaka ya udhibiti ya Zanzibar. Zikipanda, ama abiria aongezewe nauli, ama hesabu ya tajiri mwenye pikipiki isitimie. Umeme wa Pemba nao huvuka bahari, ila kwa waya: tangu 2010 waya wa megawati 20 kutoka Tanga umekipumzisha kisiwa na majenereta ya dizeli.

Kwa hali hiyo, vyombo vya umeme vitaingia Pemba kwa magurudumu mawili, gari la familia litafuata baadaye sana. Kisiwa hakifiki kilomita 70 kwa urefu, na pikipiki iliyochajiwa usiku huenda Chake na kurudi mara kadhaa kabla ya adhuhuri. Wanaohofia kwamba umeme hautatosha wapige hesabu: pikipiki 1,000 zikichajiwa kwa pamoja, kila moja ikivuta wati 500, zinakula nusu megawati tu.

Kazi ipo kwenye betri. Ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya bei, ndiyo inayochoka. Kule Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza 2019 kwa utaratibu unaofaa kuigwa: dereva hamiliki betri, huacha iliyokwisha kituoni akachukua iliyojaa. Kenya nayo iliweka bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo mwaka 2023. Dereva wetu akiachwa peke yake atakopa pikipiki ya betri za risasi na asidi kwa kuwa ni rahisi. Betri itakufa deni likiwa hai, na risasi yake itaishia kwenye mabonde ya mpunga. Hilo linanitia hofu kuliko bei ya mafuta.

Kisha kuna fundi. Leo anafungua kabureta hata gizani. Pikipiki ya umeme haina kabureta, haina plagi, haina oili ya injini. Mara nyingi mota imo ndani ya gurudumu la nyuma, na adui yake ni hewa ya chumvi inayokula viungio vya nyaya, matope ya masika, na gunia la karafuu kavu linalopandishwa vilima, ambalo humaliza chaji mapema. Chuo cha Mafunzo ya Amali kipo Vitongoji. Darasa la betri na mota lianze pale, kabla kontena la kwanza halijashushwa bandari ya Mkoani.