Kujifunza Kupika: Moto, Maji na Wakati

Fikiri kwamba unakaa mjini Babati. Leo ni Jumamosi. Mama amekwenda shambani kuvuna mbaazi, baba yuko kazini, nawe umeachiwa kazi ya kupika maharage na ugali. Bibi yako amekaa barazani akichambua mchele, lakini amekwisha sema kuwa mpishi wa leo ni wewe.

Unainjika maharage saa nne asubuhi. Kwa kuwa unataka yaive upesi, unachochea kuni nyingi. Maji yanatokota kwa nguvu na kumwagika motoni. Unaongeza maji ya baridi, kisha unaongeza kuni. Ifikapo saa saba mchana kuni zimekwisha. Unachukua punje moja na kuibonyeza kwa vidole. Bado ni ngumu.

Je, kosa lilikuwa wapi? Moto ulikuwa mkali, maji yalichemka, na mpishi hakuwa mvivu. Katika sura hii utajifunza kwa nini jambo hili hutokea, na namna ya kupika chakula kikaiva vizuri bila kupoteza kuni.

Kupika ni nini?

Kupika ni kukibadilisha chakula kwa kutumia joto. Joto hufanya kazi tatu kubwa.

Kwanza, joto hulainisha chakula. Unga wa mahindi una chembe ndogo sana za wanga. Chembe hizo zikipata maji na joto la kutosha hunyonya maji, huvimba na kushikamana. Ndiyo maana uji huwa mzito. Wanga uliopikwa humeng'enywa tumboni kwa urahisi kuliko wanga mbichi.

Pili, joto huua vijidudu vingi vinavyoleta magonjwa, kama vile vya kuhara na vya homa ya matumbo.

Tatu, joto huharibu baadhi ya sumu za asili. Maharage mekundu, kwa mfano, yana sumu ya asili. Mtu akila maharage hayo yakiwa hayajaiva huweza kutapika na kuhara. Yakichemshwa vizuri, sumu hiyo huharibika na maharage huwa chakula bora.

Basi, kupika si kukitia chakula moto tu. Chakula chapaswa kupata joto la kutosha kwa muda wa kutosha.

Jaribio la 1: Je, moto mkali huivisha haraka zaidi?

Fanya jaribio hili ukiwa pamoja na mwalimu au mtu mzima.

Vifaa: sufuria mbili zilizo sawa, vifuniko viwili, mafiga, kuni, maji, saa, na viazi mviringo viwili vinavyolingana kwa ukubwa.

Njia:

1. Tia kiasi sawa cha maji katika sufuria zote mbili. Funika, kisha chemsha.
2. Maji yakichemka, tia kiazi kimoja katika kila sufuria kwa wakati mmoja, kisha funika tena. Ngoja maji yachemke tena katika sufuria zote mbili.
3. Sasa punguza kuni chini ya sufuria ya kwanza, maji yaendelee kutokota polepole. Chini ya sufuria ya pili ongeza kuni ili maji yatokote kwa nguvu.
4. Kila baada ya dakika tano, choma viazi kwa kijiti chembamba ili kuona kama vimelainika.

Matokeo: Utaona kuwa viazi vyote viwili vinaiva karibu kwa wakati mmoja. Lakini sufuria ya pili imetumia kuni nyingi zaidi, na maji yake yamepungua sana.

Kwa nini? Maji yanapopashwa moto, joto lake hupanda mpaka yafikie kiwango cha kuchemka. Yakisha kuchemka, joto lake halipandi tena, hata ukiongeza kuni. Joto la ziada hufanya kazi moja tu, nayo ni kugeuza maji kuwa mvuke. Kwa hiyo moto mkali hukupa mvuke mwingi, lakini haukupi maji yaliyo ya moto zaidi.

Kama shule yenu ina kipimajoto, kitie katika maji yanayotokota polepole, kisha katika maji yanayotokota kwa nguvu. Utasoma kiwango kile kile.

Maharage ya Babati na maharage ya Dar es Salaam

Sasa tazama jambo la pili. Vitabu vingi husema kuwa maji huchemka kwa nyuzi 100 za Sentigredi. Hiyo ni kweli kwa mtu aliye ufukweni, kama vile Dar es Salaam au Tanga. Mjini Babati si hivyo.

Hewa ina uzito, nao uzito huo huyasukuma maji yaliyomo katika sufuria. Msukumo huo huitwa kanieneo ya hewa. Maji hayawezi kuchemka mpaka mvuke wake upate nguvu ya kushinda kanieneo hiyo. Ufukweni kanieneo ya hewa ni kubwa. Kadiri unavyopanda juu, hewa inakuwa chache zaidi na kanieneo yake hupungua. Kwa hiyo maji huchemka mapema, joto likiwa dogo zaidi. Kila upandapo meta 300 hivi, kiwango cha kuchemka hushuka karibu kwa nyuzi moja.

Mji wa Babati, ambao ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara ulioanzishwa mwaka 2002, uko zaidi ya meta 1,300 juu ya usawa wa bahari. Hapo maji huchemka kwa karibu nyuzi 95 au 96. Ukipanda Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya meta 3,400, maji yatachemka kileleni kwa karibu nyuzi 89 tu.

Tofauti ya nyuzi nne au tano yaonekana ndogo, lakini maharage huihisi. Maharage ya namna moja, yakipikwa Babati, huchukua muda mrefu zaidi kuliko yakipikwa Dar es Salaam. Mpishi wa Babati hawezi kuondoa tofauti hiyo kwa kuongeza kuni. Yampasa aongeze muda.

Ziko sufuria maalumu zenye kifuniko kinachofunga kabisa na kuzuia mvuke usitoke. Ndani yake kanieneo hupanda, na maji huweza kufika karibu nyuzi 120. Ndiyo sababu sufuria hizo huivisha maharage kwa muda mfupi. Usiifungue sufuria ya namna hiyo kabla mvuke wake haujaisha, kwa kuwa utaungua vibaya.

Namna ya kupika maharage

1. Chagua maharage. Ondoa mawe, takataka na punje zilizooza.
2. Yaoshe, kisha yaloweke usiku kucha katika maji mengi. Maji yataingia ndani ya punje, nazo zitavimba. Maharage yaliyolowekwa huiva haraka kuliko makavu.
3. Asubuhi mwaga maji hayo. Tia maji safi yanayoyafunika maharage kabisa. Injika na ufunike sufuria, ukiacha nafasi ndogo ya mvuke kutokea. Kifuniko huzuia joto lisipotee.
4. Yaache yachemke kwa nguvu kwa nusu saa. Muda huu unahitajika ili ile sumu ya asili iharibike.
5. Sasa punguza kuni. Maji yaendelee kutokota polepole mpaka maharage yaive. Yakipungua, ongeza maji ya moto. Maji ya baridi hushusha joto la sufuria nzima, na itakubidi utumie kuni nyingine kulirudisha.
6. Chukua punje tano kutoka sehemu mbalimbali za sufuria na uzibonyeze. Zote zikipondeka kwa urahisi, maharage yameiva.
7. Sasa ndipo utie nyanya, kitunguu, mafuta na chumvi.

Angalia hatua ya mwisho. Kwa nini nyanya hutiwa mwishoni? Nyanya zina asidi, na asidi huzuia maganda ya maharage yasilainike. Ukizitia mwanzoni, utapika mpaka jioni. Magadi hufanya kinyume chake, yaani hulainisha maharage haraka. Lakini magadi huharibu baadhi ya vitamini B zilizomo, kwa hiyo ni afadhali kuloweka.

Kumbuka pia kuwa maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu kuiva kuliko yale mapya. Usihesabu saa tu. Bonyeza punje.

Kusonga ugali bila madonge

Mpishi mwanafunzi hupata shida nyingine katika ugali, nayo ni madonge. Ukivunja donge utakuta unga mkavu ndani yake. Umefikaje huko, hali umezungukwa na maji?

Unga mkavu ukimwagwa kwa wingi katika maji yanayochemka, wanga wa nje huvimba mara moja na kuwa kama gundi. Gundi hiyo huziba njia, na maji hayawezi kuufikia unga wa ndani. Ili kuepuka hayo, fanya hivi:

1. Chemsha vikombe vinne vya maji.
2. Koroga nusu kikombe cha unga katika maji kidogo ya baridi. Katika maji ya baridi wanga hauvimbi, kwa hiyo kila chembe hulowa peke yake.
3. Mimina mchanganyiko huo katika maji yanayochemka huku ukikoroga. Acha uji uchemke kwa dakika chache.
4. Ongeza unga kidogo kidogo, kiasi cha vikombe viwili au zaidi, huku ukisonga kwa mwiko mpaka ugali uwe mzito kama upendavyo.
5. Punguza moto, kisha geuza na kusonga mpaka harufu ya unga mbichi iishe.

Ugali na maharage ni chakula kinachosaidiana. Mahindi yana wanga mwingi, lakini protini yake ina upungufu. Protini ya maharage huujaza upungufu huo. Ongeza mboga za majani, nawe umepata mlo kamili.

Jambo ambalo moto hauwezi kulifanya

Usidhani kwamba moto husafisha kila kitu. Mahindi yasiyokaushwa vizuri huota kuvu, na kuvu wengine hutoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hiyo haiishi kwa kupikwa. Hata ugali ukisongwa vizuri namna gani, sumukuvu hubaki. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa kula mahindi yenye sumukuvu, na baadhi yao walifariki.

Kwa hiyo kazi ya mpishi huanzia ghalani. Mahindi yakaushwe kabisa juu ya turubai au jamvi, yasianikwe juu ya udongo mtupu. Yahifadhiwe mahali pakavu. Punje zilizoota kuvu, zilizobadilika rangi au zilizovunjika zisiliwe.

Hadhari jikoni

Mwezi wa Juni na Julai usiku wa Babati huwa wa baridi, na watu wengine huingiza jiko la mkaa chumbani ili waote moto. Jambo hili ni la hatari kubwa. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, kwa hiyo aliyelala hawezi kuitambua. Katika chumba kilichofungwa huweza kumwua. Pikia nje, au mahali penye madirisha yaliyo wazi, na usilale kamwe pamoja na jiko la mkaa hata kama moto waonekana kufifia.

Tena, elekeza mpini wa sufuria mahali ambapo watoto wadogo hawafiki. Shika sufuria ya moto kwa kitambaa kikavu. Ukiungua, mwagia maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha umwambie mtu mzima. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

Mpishi anayeuliza

Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba huko Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Alitia maziwa yangali moto katika jokofu, akaona yameganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Aliambiwa kuwa amekosea, na wenzake wakamcheka. Hakuacha kuuliza. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, walichapisha makala juu ya jambo hilo. Hata leo wanasayansi wanaendelea kulijadili.

Nawe, unapopika, angalia na uulize. Mlima Kwaraa, uuonao kutoka mjini Babati, una msitu wa hifadhi. Kila mpishi anayefunika sufuria, kuloweka maharage na kupunguza moto maji yakisha kuchemka anahifadhi kuni, na anaihifadhi miti.

Maswali

1. Kwa nini kuongeza kuni chini ya maji yanayochemka hakuivishi chakula haraka zaidi?
2. Eleza kwa nini maharage huchelewa kuiva Babati kuliko Dar es Salaam.
3. Ugali una madonge. Mpishi alifanya kosa gani?
4. Taja sumu moja inayoharibiwa kwa kupika na moja isiyoharibiwa.
5. Kwa nini ni hatari kulala na jiko la mkaa?

Kazi ya nyumbani

Chukua vikombe viwili vya maharage ya aina moja. Kimoja kiloweke usiku kucha, kingine usikiloweke. Vipike katika sufuria mbili zilizo sawa. Andika saa ya kuinjika na saa ya kuiva kwa kila kimoja, kisha uwasomee wenzako darasani. Wavulana na wasichana wote wafanye kazi hii, kwa kuwa kila alaye hana budi kujua kupika.