Patenti, takse ya soko na kitansi: mama mwenye meza yake ajue nini



Mwaka wangu wa kwanza wa kuuza ndagala na sabuni kando ya kazi ya ualimu, nililipa takse moja mara mbili. Mtu wa kwanza alifika asubuhi, akapokea feza, akasema karatasi itafuata. Wa pili akaja saa nane na kaye ya kitansi mkononi. Nikamwambia nimekwisha kulipa. Akauliza tu: «Kitansi iko wapi?» Sikuwa nayo. Faida ya siku ile ikaishia hapo.

Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma, maana tunachoombwa si kitu kimoja. Takse ya soko, ile ya meza, inalipwa siku ya kuuza na ni ya utawala wa hapa, kwetu Sekta ya Lulenge. Patenti ni ya mwaka. Ni karatasi ya mfanyabiashara mdogo ambaye hajaandikwa katika rejista ya biashara. Sheria ya biashara ndogo ya tarehe 2 Agosti 1979 ndiyo inayoidai, na ni hiyo hiyo iliyoachia biashara hiyo Wakongomani wenyewe. Takse ya soko haichukui nafasi ya patenti, wala patenti haifuti takse ya soko.

Sasa wewe ambaye meza imekuwa butiki, na unataka kuandikishwa, utakutana na DGI, ofisi ya kodi ya Serikali. Sheria ya tarehe 23 Februari 2013 iliweka hivi wakati ule: aliyeuza kwa mwaka mzima bila kupita franka 10.000.000 alilipa franka 50.000 kwa mwaka. Aliyepita hapo, lakini hakufika 80.000.000, alilipa 1% ya mauzo kama aliuza vitu, au 2% kama alitoa huduma, mfano mshonaji.

Angalieni vizuri neno mauzo. Wengi wanadhani ni faida. Hapana. Ukinunua gunia kwa 100.000 na kuliuza 120.000, faida ni 20.000, lakini mauzo ni 120.000 yote. Milioni 10 kwa mwaka ni kama 830.000 kwa mwezi. Asiyeandika hawezi kujua yuko upande gani, na mwingine atamhesabia. Kaye ya mtoto inatosha: tarehe, kilichouzwa, kilichonunuliwa, takse iliyolipwa. Asiyejua kuandika, binti yake wa darasa la tano atamsaidia. Hiyo pia ni somo la hesabu, nasema kama mwalimu.

Wengine bado wanaambiwa walete kwanza ruhusa ya bwana. Hiyo ilikuwa katika Kanuni ya Familia ya 1987. Mabadiliko ya tarehe 15 Julai 2016 yameiondoa. Kuongea na bwana nyumbani ni vizuri, lakini ofisi haina haki ya kukudai karatasi yake.

Na Katiba, kifungu cha 174, inasema kodi inawekwa kwa sheria tu. Kwa hiyo anayekuomba feza, muulize kwa heshima: ni takse gani, ya ofisi gani, na kitansi? Njiani, penye kizuizi na bunduki, sitawaambia mbishane. Uhai kwanza. Ila andikeni siku, mahali na kiasi, tupeleke kwa utawala tukiwa kundi, si mama mmoja peke yake.

Katika likilimba yetu tumeanza kuweka kando kidogo kila juma kwa ajili ya patenti. Kitansi zangu ziko ndani ya mfuko wa plastiki, mbali na gunia la ndagala, kwa sababu ya panya.