Mahabusu na Kizuizini: Ufunguo Uko kwa Nani?

Watu wawili wanaweza kulala gereza moja, wakala ugali na maharage ya sufuria moja, na bado mbele ya sheria wakawa mbalimbali kabisa. Mmoja ni mahabusu: ana shtaka na anasubiri kesi yake. Mwingine yuko kizuizini: hana shtaka, hana tarehe ya kesi, yumo kwa amri tu. Kuta ni zilezile. Kinachowatenganisha ni nani aliyewaingiza, kwa sababu gani, na nani mwenye mamlaka ya kuwatoa.

Tuanze na mahabusu kwa Tanzania Bara. Polisi akimkamata mtu kwa kumshuku, muda unaanza kuhesabiwa papo hapo. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inampa saa 4 za kumhoji, na zikiongezwa zisizidi 8 nyingine. Mtuhumiwa anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Isipowezekana, na kosa likiwa si zito, polisi ampe dhamana. Akifika kwa hakimu, anasomewa shtaka. Kama kosa lina dhamana na wadhamini wapo na barua zao za serikali ya mtaa, anarudi nyumbani. Wakikosekana anakwenda rumande, kisha analetwa tena mahakamani kila kesi inapotajwa, kwa kawaida baada ya siku 14.

Ukitazama hatua hizo utaona kwamba polisi habaki peke yake na mtu wake. Hakimu anaingia katikati, na mtuhumiwa mwenyewe anasimama hadharani ndugu zake wakimwona. Tena lengo la kumshikilia ni dogo: afike kwenye kesi na asivuruge ushahidi. Hajahukumiwa, na Ibara ya 13 ya Katiba inakataza kumtendea kama mwenye kosa kabla halijathibitika.

Kizuizini kuna msingi mwingine. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilipitishwa 1962, mwaka mmoja tu baada ya Uhuru. Ilimpa Rais uwezo wa kuamuru mtu azuiliwe akiridhika kwamba ni hatari kwa amani au usalama wa nchi. Hapo haliulizwi mtu alifanya nini. Inapimwa hofu ya atakachofanya. Na kwa kuwa hofu haina mashahidi, hakuna kesi ya kusikilizwa. Kwa sheria ile ya mwanzo, hata mahakama haikuruhusiwa kuihoji amri.

Mkasa wa Abdulrahman Babu unaonyesha jambo hili vizuri. Baada ya Mzee Karume, Rais wa Zanzibar, kuuawa Aprili 7, 1972, Babu, aliyekuwa waziri katika Serikali ya Muungano, alikamatwa na kuwekwa kizuizini Bara. Huko Zanzibar ilifunguliwa kesi ya uhaini. Mwalimu Nyerere hakukubali kumpeleka, na mahakama ya Visiwani ikamhukumu kifo bila yeye kuwepo. Alikuwa na hukumu Zanzibar, lakini si hukumu hiyo iliyomfungia Bara. Kilichomfungia ni amri ya kuzuiliwa, ambayo haikuwa na shtaka la kujibu wala kifungo cha kumaliza. Alitoka 1978, Serikali ilipoamua atoke.

Marekebisho ya 1985 yalifungua mlango wa kuipinga amri hiyo mahakamani. Hata hivyo, Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyotoa taarifa yake 1992, iliitaja sheria hii miongoni mwa sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa.

Basi zile saa 48 za mkuu wa mkoa au wa wilaya ziko upande gani? Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu kuamuru mtu akamatwe pale amani inapokuwa hatarini na hakuna njia nyingine ya kuilinda. Inamtaka aandike sababu, na mtu huyo afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 48 au aachiwe. Kwa hiyo sheria inaielekeza amri hiyo mahakamani. Kiongozi anayemweka ndani mtumishi aliyemjibu vibaya mkutanoni, saa zikiisha akamtoa kimya kimya, ameikata njia hiyo na kufanya kizuizini cha kwake binafsi.

Rumande nayo inaweza kugeuka. Masheikh wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa mahabusu miaka mingi kwa tuhuma za ugaidi, wakaachiwa Juni 2021 mashtaka yalipofutwa, bila hukumu. Kwenye karatasi walikuwa mahabusu. Lakini kosa lisilo na dhamana likikutana na upelelezi usiokamilika, hakimu hubaki kupanga tarehe tu, na ufunguo unarudi kwa anayeshtaki.

Kwa hiyo ndugu yako akishikwa, usiishie kuuliza yuko kituo gani. Uliza amekamatwa kwa amri ya nani, kwa kosa gani, saa ngapi, na anafikishwa mahakamani lini. Andika majibu, pamoja na jina la askari aliyekujibu. Mahabusu halali ana jibu kwa kila swali. Likikosekana hata moja, tafuta wakili siku hiyohiyo, maana Mahakama Kuu ina uwezo wa kuagiza mtu huyo aletwe mbele yake na aliyemshika ajieleze.