Sikukuu Bila Nyama, Watoto Washibe



Wapendwa wasomaji, Krismasi inakaribia, na akina mama wanaoleta watoto kliniki wameanza kuulizana: mwaka huu nyama itatoka wapi? Mama mmoja alitueleza kwamba mwaka jana walikopa fedha, wakanunua nyama. Ililiwa siku moja, deni wakalilipa hadi mwezi wa tatu. Miezi hiyo watoto walikula ugali na majani matupu. Kitinda mimba wao tulipompima, uzito ulikuwa umeshuka.

Hatusemi nyama ni mbaya. Ina madini ya chuma yanayoingia mwilini upesi, na aliye nayo ale kwa shukrani. Tunasema tu kwamba mtu asikope kwa ajili ya sahani ya siku moja.

Nusu kilo ya maharage makavu ina protini karibu sawa na nusu kilo ya nyama mbichi, na bei yake ni ndogo zaidi. Protini ya maharage ina upungufu kidogo, lakini yakiliwa pamoja na wali, ugali au chapati, nafaka huujaza upungufu huo.

Kwa familia ya watu wanane tunashauri hivi:

1. Mchele kilo 1, upikwe kwa tui la nazi, au pilau ya viungo na vitunguu.
2. Maharage nusu kilo, yaungwe kwa vitunguu, nyanya na karoti.
3. Mchicha mafungu 4, utiwe karanga za kusaga robo kilo.
4. Kachumbari iliyokamuliwa ndimu.
5. Maembe au papai. Wakati huu maembe yapo mengi.

Loweka maharage usiku wa mkesha, kabla ya kwenda Misa. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, yatokote kwa nguvu dakika 10 au zaidi, kisha punguza moto mpaka yaive kabisa. Maharage yasiyoiva, hasa mekundu, huleta kutapika na kuhara. Mchicha usiuchemshe mno, wala usimwage maji yake.

Ndimu na matunda vina vitamini C, ambayo husaidia mwili kupokea madini ya chuma ya maharage na mchicha. Chai huyazuia. Kwa hiyo chai isubiri kama saa moja baada ya chakula.

Karanga zichambuliwe kwa makini. Zilizoota ukungu, zilizosinyaa au zilizo chungu zitupwe, kwani kupika hakuondoi sumu yake. Mwaka 2016 sumu ya ukungu katika mahindi iliua watu mikoani Dodoma na Manyara.

Mtoto mdogo apondewe maharage na wali, wala asipewe karanga nzima, zitampalia.

Akina baba, ninyi ndio mnaosumbuliwa na maneno ya majirani. Kaeni na mama wa nyumbani mapema, mpange pamoja. Fedha mtakayookoa inunue mayai ya watoto mwezi wa Januari, wakati ghala linapopungua.

Mama yule ametuambia mwaka huu ataloweka maharage. Mtoto Yesu alilazwa horini, na wachungaji walikuja kumwona hivyo hivyo.

Tunawatakia nyote Krismasi njema yenye afya.