Redio ya Zamani Imekufa: Fundi au Dukani?

Pesa ya kahawa ikiingia hapa Mkumbi, wilayani Mbinga, kila kitu kilichoharibika ndani ya nyumba hukumbukwa siku hiyo hiyo, na redio ya mzee iliyo juu ya kabati haisahauliki. Ipelekwe kwa fundi, au inunuliwe nyingine? Nakwambia mapema: redio ya transista ya miaka ya 1970 au 1980 inafaa kutengenezwa ikiwa ina FM na ubovu wake ni mdogo. Ikikosa kimojawapo, pesa yako iende dukani.

Angalia bendi kabla hujamtafuta fundi. Redio nyingi za zamani zina MW na SW tu, na stesheni nyingi unazozitaka leo ziko FM, kati ya megahezi 88 na 108. Utalipa ifufuke, halafu uzungushe mshale usiku kucha ukisikiliza mikwaruzo. Hata yenye FM isikudanganye: iliyotengenezwa kwa soko la Japani huanzia 76 na nyingi huishia 90, kwa hiyo karibu stesheni zetu zote ziko nje ya mshale. Redio za magari ya mtumba kutoka huko zina ugonjwa huo huo.

Tena FM husafiri moja kwa moja, na milima ya Umatengo huikinga. Redio nzima kabisa inaweza kukaa kimya bondeni na kuimba kilimani. Kule mwambao, Liuli au Mbamba Bay, ziwa liko wazi na hata stesheni za ng'ambo zina njia. Basi azima redio ya jirani, iwashe nyumbani kwako. Kama yake haikamati, yako haitakamata hata ikitengenezwa.

Sasa fungua kifuniko cha betri. Unga mweupe au wa kijani kwenye springi maana yake betri zilivuja, na wanaoanika betri juani ili zisukume siku mbili zaidi ndio wanaoupata sana. Kwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae. Kisha chomeka na kuchomoa pini ya adapta mara kadhaa: ndani ya tundu lake mna kibati kinachokata betri pini ikiingia, na kikishika kutu hubaki kimekata. Tundu la spika za masikioni nalo lina kibati kama hicho, hicho hukata spika. Zungusha kitufe cha sauti mwanzo hadi mwisho kutoa vumbi. Redio nyingi "zilizokufa" hazina ugonjwa mwingine, na hapo hujatoa hata senti.

Ikishindikana, nenda kwa fundi, lakini uliza kwanza pesa ya kufungua ni kiasi gani na kama inaingia kwenye bei ya kazi. Waya uliokatika, spika iliyochanika na kapasita zilizokauka ni kazi za bei ndogo, na spea zake huchomolewa kwenye redio nyingine mbovu. Ubovu ukiwa kwenye koili au kondensa ya kutafutia stesheni, ondoka. Spea hiyo haiko dukani. Fundi ataisubiri redio ya aina yako ife, nawe utakuwa unalipa nauli ya Mbinga mjini kuambiwa njoo wiki ijayo. Nauli hiyo, kwenda na kurudi, iandike kwenye hesabu. Jumla ikivuka nusu ya bei ya redio mpya, acha.

Gharama inayofichika zaidi ni chakula cha redio. Tuseme betri kubwa ni shilingi 1,000 na redio inakula nne kwa mwezi: kwa mwaka ni 48,000. Redio mpya ya kuchaji ya 30,000 inaonekana nafuu, ila kama huna umeme na unalipa 300 kwenye kibanda cha kuchaji mara mbili kwa wiki, hiyo nayo ni 31,200 kwa mwaka. Mwenye sola yake ndiye anayepona. Lakini angalia: redio ya betri nne inataka volti 6, na betri ya sola ni volti 12. Ukiunganisha moja kwa moja umeichoma; nunua kipunguza volti.

Ukinunua mpya, chagua inayotumia betri bapa ya simu ya kitochi, inayotoka kwa kucha. Iliyolehemewa ndani ikichoka, redio nzima imechoka. Taa, flashi na memori kadi ni vya ziada. Antena ndefu ina faida kuliko vyote. Iwashe dukani, dai risiti, na uulize muda wa kurudisha.

Simu ya kitochi yenye FM ni rahisi kuliko zote, lakini mara nyingi waya wa masikioni ndio antena yake, na spika yake haifiki shambani.

Na kama ulichorithi ni redio ya mawasiliano ya lori, ile ya kubonyeza na kuongea, usimlipe fundi kwanza. Uliza TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kuhusu leseni ya masafa, kisha uhesabu antena, chanzo cha umeme, na redio ya pili kwa yule utakayeongea naye.