Je, Wajua? Mgeni, Homa na Barabara ya Malaba

Je, wajua kwamba Kericho iliwahi kuishi na "Ebola" ambayo haikuwapo? Ilikuwa Juni 2019. Mwanamke wa miaka 36 aliyekuwa ametoka Malaba alifika katika hospitali ya rufaa ya kaunti akiwa na homa, maumivu ya kichwa na kutapika. Siku chache tu kabla ya hapo, Juni 11, Uganda ilikuwa imethibitisha Ebola Kasese kwa mtoto wa miaka 5 aliyevuka na jamaa zake kutoka Kongo. Basi mgonjwa wa Kericho akatengwa, sampuli zikapelekwa maabara ya KEMRI, na Sicily Kariuki, aliyekuwa waziri wa afya, akatangaza kwamba si Ebola. Habari ya kwanza ilipaa kwa simu. Ya pili ilikwenda kwa miguu. Wapo huku kwenye majani chai wanaoikumbuka ile ya kwanza peke yake.

Je, wajua kwamba kutoka Kasese hadi Malaba ni zaidi ya kilomita 500? Ugonjwa ulikuwa mpaka wa magharibi wa Uganda, yule mama alitokea mpaka wa mashariki. Lakini ukiwa umesimama huku kwenye chai ya Kimulot na gunia la majani mgongoni, Uganda ni neno moja tu, na kila anayetoka huko ametoka "kule kwenye Ebola."

Je, wajua kwamba Kenya haikuthibitisha mgonjwa hata mmoja wa Ebola katika milipuko yote ya jirani, kuanzia Gulu mwaka 2000, Kasese 2019, Mubende 2022, hadi ule wa Kampala uliotangazwa kwisha Aprili 2025?

Binamu yake, Marburg, alifika. Januari 1980, Mfaransa aliyefanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, na ambaye alikuwa ametembelea pango la Kitum huko Mlima Elgon, aliugua akasafirishwa kwa ndege hadi Nairobi, akafa hospitalini. Je, wajua ni nani aliyeambukizwa? Si abiria waliokuwa naye ndani ya ndege. Ni daktari aliyemhudumia, Shem Musoke, akiwa amemwinamia mgonjwa anayetapika damu. Dkt. Musoke alipona, na hakuna mwingine aliyejulikana kuambukizwa. Kisa hiki kinafundisha mengi kuhusu virusi vya aina hii: vinataka damu, matapishi, kinyesi, jasho, maji ya mwili. Ndiyo maana wauguzi, wanaouguza nyumbani na wanaoosha maiti ndio hutangulia kuumia, huku aliyempita mgonjwa njiani akienda zake salama.

Je, wajua kwamba mwenye virusi vya Ebola haambukizi wenzake kabla ya dalili kuanza? Dalili hujitokeza kati ya siku 2 na 21 tangu kuambukizwa. Kwa hiyo jirani aliyerudi safari wiki tano zilizopita, na leo ana mafua, mwache apenge kamasi kwa amani.

Je, wajua kwamba majani unayochuma Kimulot yana safari ndefu kuliko wewe? Yakishasagwa na kukaushwa kiwandani hupakiwa kwenye malori hadi mnada wa Mombasa, na barabara inayopita Kericho kwenda Kisumu na Busia ni mojawapo ya njia za malori ya Uganda, Rwanda na Kongo. Anayetaka Kimulot isiguswe na msafiri yeyote itambidi kwanza aache kuuza chai.

Dereva wa trela ndiye msafiri anayeogopwa kuliko wote. Miaka ya 1980 na 1990 alibebeshwa lawama za ukimwi. Baadaye vikafunguliwa hata vituo vya afya vya madereva kandokando ya barabara kuu, vingine ndani ya makontena ya buluu. Mwaka 2020 akabebeshwa korona. Je, wajua kwamba Mei mwaka huo madereva walikwama Malaba kwenye foleni ya kilomita nyingi wakingoja majibu ya vipimo, wakilala na kupika kando ya magari? Walipatikana wengi wenye virusi, ni kweli. Ni kweli pia kwamba hawakuwapo watu wengi wa kawaida waliopimwa kwa bidii ile. Apimwaye sana ndiye aonekanaye mgonjwa sana, na mwanakijiji asiyepimwa akabaki msafi wa jina.

Na aliyekuwa mgonjwa wa kwanza wa korona Kenya, je? Aliyetangazwa Machi 13, 2020 hakuwa dereva wala mgeni. Alikuwa Mkenya wa miaka 27 aliyerejea nyumbani kutoka Marekani kupitia London, kwa ndege.

Mpox nayo ilitangazwa Kenya Julai 31, 2024. Iligunduliwa kwa msafiri katika mpaka wa Taveta, wiki mbili kabla ya Shirika la Afya Duniani kutangaza dharura ya kimataifa. Je, wajua kwamba mpox huenea hasa kwa ngozi kugusana na ngozi yenye vidonda, pamoja na kujamiiana na kulalia matandiko ya mgonjwa? Kumuuzia msafiri chai na mandazi kibandani ni jambo jingine kabisa.

Sasa tuje kwenye ugonjwa ambao mashamba haya yana haki ya kuuita wao. Je, wajua kwamba malaria ya Kericho imebishaniwa na wanasayansi wa dunia nzima? Nyanda hizi ni za baridi, na wenyeji wa zamani hawakuizoea malaria kama watu wa kandokando ya Ziwa Victoria. Makampuni ya chai yalipoleta vibarua kwa maelfu, wengi wakitoka huko ziwani, milipuko ikaja, na mwishoni mwa miaka ya 1940 mashamba ya Brooke Bond yakaanza kuwagawia wafanyakazi dawa za kinga. Malaria ikatulia kwa miongo kadhaa. Miaka ya 1980 ikarudi kwa kishindo. Baadhi ya wataalamu walisema hewa imepata joto. Wengine, wakishika daftari za hospitali za mashamba, wakasema dawa ya klorokwini imeshindwa. Ubishi huo ulichapishwa hadi katika majarida makubwa ya Uingereza, na chanzo chake ni vitanda vya wachuma chai.

Wengine wakamnyooshea kidole mfanyakazi anayekwenda kwao likizo ya Desemba na kurudi na homa. Je, wajua utafiti uliofanywa katika mashamba hayohayo ulionyesha nini? Safari huongeza hatari kwa aliyesafiri, ndiyo. Lakini malaria nyingi ilipatikana humuhumu, kwa mbu wa humuhumu. Na mbu ndiye njia: hutaipata malaria kwa kumsalimia mtu wa Kisumu, kula naye wala kulala naye chumba kimoja. Na klorokwini, kwa taarifa yako, ilianza kuonekana kushindwa barani Afrika mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa watalii wa kigeni waliougua baada ya kurudi makwao kutoka Afrika Mashariki. Hapo ni sisi tuliokuwa ugonjwa wa ugenini.

Je, wajua kwamba funza, anayewatesa watoto wetu miguuni, naye ni msafiri? Alivuka bahari kutoka Brazili na kutua Ambriz, Angola, mwaka 1872 kwa meli iitwayo Thomas Mitchell. Kabla karne haijaisha alikuwa ameshalivuka bara lote, akibebwa na miguu ya misafara, hadi Zanzibar.

Je, wajua kwamba kisiwa cha Changuu, Zanzibar, kilijengewa jela mwaka 1893, lakini kikaja kutumika kuwaweka karantini abiria wa meli? Leo watalii hulipa nauli kwenda kuwatazama kobe.

Je, wajua kwamba kifua kikuu hakiambukizwi kwa kupeana mkono wala kwa kikombe? Hupitia hewani, na humpata zaidi anayeshinda na mgonjwa chumba kimoja siku baada ya siku. Hapa naomba radhi kwa wazee wanaopanda matatu ya Litein alfajiri na kuamuru madirisha yafungwe kwa sababu ya baridi: dirisha lililo wazi ni kinga kuliko kumkwepa mtu mwenye mizigo ya safari.

Na surua? Hiyo ndiyo ingestahili hofu tunayompa dereva wa Malaba. Virusi vyake huweza kubaki hewani kwa muda wa hadi saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka, na mgonjwa huambukiza siku 4 kabla vipele havijatokea, wakati bado anaonekana kama mwenye mafua tu. Mmoja huweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga. Chanjo yake hutolewa Kenya mtoto akiwa na miezi 9, kisha miezi 18, na dozi ya pili ndiyo inayosahauliwa.

Ukitoka mahali penye mlipuko wa Ebola au Marburg, hesabu siku 21. Ukishikwa na homa kabla hazijaisha, usipande boda kwenda dukani kutafuta tembe. Kaa peke yako, mpigie simu mhudumu wa afya ya jamii wa kijijini kwako, na kabla hujamtajia kichwa wala tumbo, mwambie ulikotoka.